Shamba Moja la Mwinshehe na Wenyewe Wanne

Mwinshehe wa Tindiga hakujua kusema asante kama watu wengine. Umpelekee kambare, umzibie pancha ya baiskeli, au umpigie tu simu kumjulia hali, atakushika mkono, atakutazama usoni, kisha atasema, "Nikifa, lile shamba la bondeni ni lako." Basi, shukrani imekwisha. Wewe unaondoka umefurahi, yeye anabaki amefurahi, na mkewe Siwema, ambaye muda huo ameinama katika shamba hilohilo akipandikiza mpunga, hana habari.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu aliyetamka "nikifa" kutwa nzima alikuwa haliwezi neno wosia. Siwema alianza kumsihi tangu jirani yao mmoja alipofiwa na mume, na mashemeji wakamtoa ndani hata eda haijaisha. Aliingiwa na hofu. Lile shamba la bondeni walilifyeka wao wawili wakiwa vijana, lilipokuwa matete matupu na siafu, lakini hakuna karatasi hata moja iliyosema hivyo. Akimwambia mumewe waende ofisi ya kijiji, mumewe anauliza, "Mama Zaina, unaniharakisha wapi?" Siku nyingine kichwa kinauma. Siku nyingine kuna msiba Msowero, wa mtu ambaye Siwema hajawahi hata kumsikia.

Kisha bodaboda ikamwangusha Mwinshehe kwenye barabara ya Kilosa. Aliyemwokota mtaroni ni Kitashu, mfugaji anayelishia ng'ombe wake mabua ya shambani kwa kina Mwinshehe baada ya mavuno. Akampakia kwenye pikipiki yake mpaka hospitali, mguu umevunjika. Siwema alipofika alimkuta Kitashu amesimama kando ya kitanda, fimbo mkononi, anatazama sakafu kama mtu aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi.

"Mama, mzee amesema jambo njiani," akamwambia pembeni. "Nadhani ni maumivu tu. Amenipa shamba."

"Shamba lipi?"

"La bondeni."

Siwema akasema ni maumivu. Alitaka sana yawe maumivu.

Kesho yake akaja Zaina, binti yao wa pekee, anayeuza wali na maharage stendi ya Dumila. Alimlisha baba yake uji, akamfuta mdomo, akatoka nje na mama yake. Huko akaeleza, kwa sauti ya mtu mzima anayefariji, kwamba mama asiwe na wasiwasi, kwa sababu baba alishampa yeye shamba la bondeni tangu mwaka ule yeye Zaina alipomnunulia redio. Siwema akamtazama mwanawe. Akauliza kama kuna karatasi. Zaina akasema baba hawezi kumdanganya mwanawe.

Kufikia jioni akawa amewasili Kibwana kutoka Mikumi, mtoto wa dada yake Mwinshehe, anayechoma nyama kwa madereva wa malori. Huyu hakujifichaficha hata kidogo. Alisalimia shikamoo vizuri, akaitikiwa marahaba vizuri, akakaa. Akasema ardhi kwa ukoo wao inakwenda kwa watoto wa dada, kila mtu anajua, na zaidi ya hapo mjomba alikwisha kumwahidi kwa kinywa chake. Mwinshehe, mguu umening'inizwa, akatabasamu kumtazama mpwa wake. Hakukana. Ndiyo kwanza akamwomba amsogezee mto.

Siwema alitoka akakaa kwenye benchi la nje. Alikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga. Mtu hajafa, wala hayuko karibu na kufa, daktari kasema ni mguu tu, na tayari shamba lina wenyewe wanne ukimhesabu na yeye aliyelilima. Aliporudi Tindiga kuchukua nguo, alimkuta Kibwana bondeni amekunja suruali, anapima kwa hatua kutoka mtaro hadi kichuguu, huku anaongea na simu kuhusu trekta. Siwema hakumwambia neno, maana alijua akifungua mdomo patatoka mambo ya kuombeana radhi mpaka Idi.

Maneno alimpelekea mwenyewe, siku Mwinshehe aliporudi nyumbani na magongo yake. Mvua zilikuwa zimeanza, majirani wote wameshamwaga mbegu kwenye vitalu, na mbegu zao wao zilikuwa bado kwenye gunia.

"Mbona hujaandaa kitalu?" Mwinshehe akauliza.

"Kwenye shamba la nani?"

"Mama Zaina, usianze."

"Sianzi. Mwambie mwenyewe akaloweke mbegu. Awe Kitashu, awe Kibwana, awe Zaina aache sufuria zake Dumila aje. Mimi siinami kwenye shamba la watu."

Mwinshehe alidhani ni hasira za siku moja. Lakini maji yalijaa bondeni, vitalu vya majirani vikageuka kijani, na Siwema akawa anasuka ukili barazani kama mgeni. Mzee akanuna, akasusia chai, akairudia chai. Mwisho akasema, bila kumtazama, "Haya, waite."

Wakakutana ofisi ya kijiji, wote waliogawiwa. Alikuwepo pia Lightness, msaidizi wa kisheria kutoka Kilosa, dada mchangamfu asiyeharakishwa. Aliwauliza kwanza shamba limetoka wapi. Ikaonekana kuna mawili: la mlimani, ambalo Mwinshehe alilikuta kwa mama yake, na la bondeni, walilolifyeka wenyewe. Lightness akaeleza kwamba la mlimani ukoo una haki ya kulizungumza. La bondeni ni la mume na mke, na Siwema hapaswi kusubiri kupewa kwa wosia kitu ambacho nusu yake ni jasho lake. Waombe hati ya kimila yenye majina mawili. Upande wa Mwinshehe ndio utakaofuata mirathi ya dini yake siku ikifika, na humo Zaina hakosi fungu.

"Sasa sema wewe mwenyewe, mzee," akamalizia. "Wakusikie."

Mwinshehe akakohoa. Akamtazama Zaina, akamtazama Kibwana, uso umemlegea kabisa. "Labda Kitashu tumkatie kipembe kidogo, pale kwenye kichuguu..."

"Baba Zaina," Siwema akasema.

Kitashu mwenyewe akainua mkono, akasema yeye mabua yanamtosha.

Halafu mzee akasema, taratibu, "La bondeni ni la Siwema na mimi. La mlimani, Kibwana, mtakaa na mama zako mlizungumze. Niliwaambia vibaya." Zaina akainamisha kichwa, kisha akaitikia haya, baba. Kibwana akasimama, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Pikipiki yake ilisikika mpaka barabarani.

Maombi yakajazwa. Siwema alisimama nyuma ya mwandishi hadi alipoona jina lake limeandikwa lote, na la baba yake.

Njiani Mwinshehe alijikongoja kimya, hata salamu za watu akawa anaitikia nusu. Walipokaribia nyumbani akasimama, akaegemea magongo.

"Sasa nani atakuja kuniona?" akauliza. "Sina tena cha kumwahidi mtu."

Siwema alikuwa na maneno mengi tayari, ya miezi mingi, yote makali. Akamtazama yule mzee na mguu wake uliofungwa, na maneno yakamkwama. Alikasirika hata kwa hilo, kwamba hata leo hawezi kumgombeza sawasawa. Akamwondolea gongo moja, akampa bega, wakavuka mtaro pamoja. Kisha akamketisha barazani, akaburuta lile gunia la mbegu mpaka miguuni pake, na beseni la maji la kuengulia punje tupu.

"Chagua mapepe," akamwambia. "Tumeshachelewa."