Nilivyomshtaki Mama wa Kilabu

"Umemnywesha mwanangu pombe?" Nilimfokea mama mwenye kilabu mbele ya wateja wake wote.

Mimi na rafiki zangu wawili tulitembea kutoka Sepuka tukipita kwenye mashamba ya alizeti, tukaishia kwake kupumzisha miguu. Nilipokwenda chooni alinishikia mtoto. Nilipombeba tena mgongoni, nikasikia harufu ya pombe.

Nikaenda na mtoto kwa mtendaji wa kijiji, rafiki zangu na mama wa kilabu wakinifuata, nikaandika malalamiko. Mtendaji akagonga muhuri, kisha akamnusa mtoto mdomoni.

"Huyu ananuka maziwa. Inayonuka pombe ni mbeleko yako."

Rafiki yangu Rehema akainama. "Si uliimwagia pombe yako mwenyewe, ulivyokuwa unacheka?"

Mama wa kilabu alikuwa ameshika kofia ya mwanangu niliyoisahau kwake. Jina lake kwenye malalamiko yangu lilishagongewa muhuri.