Fundi Aliyetoa Kadi Nyekundu ya Kitambaa

Fundi alifariki Jumatatu asubuhi, na naomba wasomaji wangu wanisamehe kwa jambo la kwanza lililonijia kichwani nilipopigiwa simu. Sikuomba dua, wala sikumfikiria mkewe. Nilijiuliza: sasa nani atatueleza kwa nini tumefungwa jana? Timu yetu ilikuwa imechapwa mabao manne kwa sifuri, nyumbani, na timu iliyofika uwanjani ikiwa na wachezaji kumi, na kwa desturi ya miaka mingi maelezo ya kipigo cha Jumapili yalitolewa Jumatatu kwenye baraza lake pale Kalundu, mtaa wa Uvira. Mimi nilikuwa Makobola kwa dada yangu. Nikapanda pikipiki nikarudi Uvira, lakini Waislamu hawamcheleweshi maiti wao, na nilipofika watu walikuwa wanatoka makaburini wakipangusa udongo mikononi. Presha ndiyo iliyomwondoa. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, mafuta na kwenda uwanjani. Chumvi aliacha.

Kwa ambao hawakumjua, alikuwa mshonaji, wa ukoo wa wale wafanyabiashara wa Kiislamu ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa wakasahau kurudi. Cherehani yake ilikaa barazani, na mbele yake mabenchi mawili. Mwenye suruali ya kupunguza alikaribishwa, lakini mwenye maoni kuhusu safu ya ushambuliaji alikaribishwa zaidi. Timu yenyewe sitaitaja jina, ina matatizo ya kutosha. Kwenye mabenchi hayo alikuwapo muuza jibini aliyeshuka kutoka milima ya Bijombo, wavuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, polisi mmoja aliyevua kofia ili asiwe kazini, mimi, ambaye pale waliniita Mwalimu, na Kipa, ambaye nitamweleza hivi punde. Kwingine watu hao wasingekaa pamoja hata kwa amri ya mahakama. Pale walibanana, wakapeana kahawa, wakatukana beki wa kushoto kwa sauti moja.

Mabenchi yale yalidumu kwa sababu ya sheria moja. Barazani kwa Fundi hutaji chama, hutaji mkubwa, hutaji kabila. Unataka kuzungumza siasa? Izungumze kwa mpira. Ukisahau, Fundi alichomoa kwenye kola yake kipande cha kitambaa kilichoshikwa na pini: cha njano, unanyamaza mpaka kahawa iishe, chekundu, unaondoka, na unarudi mwenyewe baada ya mechi inayofuata, unakaa, hakuna anayekuuliza. Rufaa hakuna. Nimewaona watu wazima wenye vyeo vyao wakitoka pale na kadi nyekundu, vichwa chini kama watoto waliovunja kioo.

Na siasa ilizungumzwa, tena vizuri kuliko redioni. Mbunge, kwa Fundi, alikuwa mchezaji wa mkopo: anaonekana siku ya kupigwa picha, akipewa mpira anauliza goli liko upande gani. Baraza jipya la mawaziri lilikuwa kubadilisha jezi wakati wa mapumziko. Kuhusu katiba alisema hivi, na polisi wetu alicheka mpaka akamwaga kahawa: "Iko kama mustari ya chokaa kwa kiwanja yetu. Mvua ikinyesha, kila muntu anakumbukaka fasi ulikuwaka, na kila muntu anakumbuka fasi yake." Hata vita hakuvisamehe. Kila bunduki zilipolia tukakimbia, ligi ilisimama, na tuliporudi yeye alitukumbusha kwamba timu yetu haijawahi kuwa na kipindi kizuri kama hicho: miezi mizima bila kufungwa.

Sasa Kipa. Alikuwa golikipa wa timu hiyo hiyo wakati magoli yalikuwa ya miti na nyavu zilikuwa za kuazima kwa wavuvi. Mkatoliki, mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi, mwenye shamba upande wa Kiliba na nyumba mitaa mitatu kutoka kwa Fundi. Fundi ndiye aliyemshonea suti ya ndoa, akaikosea mikono, na kwa miaka yote iliyofuata Kipa alidai kwamba mikono ilikuwa sawa siku ya kupimwa, ila aliirefusha mwenyewe kwa kudaka mipira. Walikuwa wanabishana kila siku na hawakuwahi kugombana. Mpaka alipokuja mgombea.

Mgombea huyo alitaka ubunge, na katika kuutafuta akagundua kwamba tangu utotoni anaipenda timu yetu. Sisi hatukuwa tumegundua. Komite ikampa urais wa timu wakati ule tulipokuwa tunashika mkia, na yeye akaleta robota za kitenge chenye sura yake, kubwa kama sahani, akitabasamu kila baada ya hatua moja ya kitambaa. Alitaka wachezaji na mashabiki wote wavae sura hiyo siku ya mechi na wapinzani wetu wa mjini. Hapa lazima niwaambie wasioshona: kitenge cha sura ni kazi ya hatari. Mafundi wa kwetu wana kanuni zao. Sura ya mtu haikatwi na mkasi katikati ya pua, haigeuzwi kichwa chini, na juu ya yote haiwekwi mahali pa kukalia. Fundi mzembe anaweza kumkalisha mheshimiwa chini ya mama mnene kwa misa nzima, kisha akaitwa kueleza alikuwa na nia gani. Kwa hiyo ilitafutwa mikono inayoaminika, na mikono hiyo ilikuwa ya Fundi.

Mimi nilisubiri kwa hamu jinsi atakavyomkatalia. Hakukataa. Mgombea alimwahidi kwamba timu itapanda, itacheza Kinshasa, na yeye Fundi atakuwa kiongozi wa mashabiki, mbele kabisa, kwenye jukwaa lenye paa. Mtu huyu aliyewapima wanasiasa wote kiuno na kifua, akapimwa yeye kwa siku moja, na nguo ikamkaa. Alishona wiki nzima. Jumamosi akatugawia mashati barazani, na sisi tukayavaa. Ndiyo, na mimi. Lilinibana kwapani.

Kipa alilishika lake, akaligeuza, akalirudisha juu ya cherehani.

"Minye sivale. Timu iko na rangi. Haina sura."

"Weye unataka tubakie tu hapa kwa mavumbi?" Fundi alisema. "Huyu muntu anatupeleka Kinshasa."

"Anaenda Kinshasa yeye. Sisi tuko ngazi."

"Umetaja siasa."

"Nimetaja ngazi."

Tulicheka, na nadhani kicheko chetu ndicho kilichoharibu. Fundi alichomoa kitambaa chekundu. Mwenyewe alikuwa amevaa sura ya mgombea kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kipa aliinuka taratibu, akachukua kofia yake. "Karto ya uongo," alisema, "abitri mwenyewe njo anaiondoaka." Akavuka barabara.

Mechi hiyo mvua ilinyesha. Kitenge kilikuwa cha bei ya uchaguzi, na rangi yake haikungoja kipindi cha pili. Mgombea alianza kuchuruzika kwenye vifua vya wachezaji wetu, kwanza nyusi, halafu meno, mpaka jukwaani tulionekana kama watu waliobeba maiti asiyejulikana. Tulifungwa tatu. Mgombea alishinda, alikwenda Kinshasa kama Kipa alivyosema, na timu iliendelea kushika mkia. Vitenge vilivyobaki vinafunika unga wa muhogo sokoni mpaka leo, na kwa kweli ni kazi ya kwanza ya maana viliyolifanyia jimbo.

Lakini Kipa hakurudi. Ikapita mechi, ikapita ligi nzima. Kila siku alipita ng'ambo ya barabara, akanyoosha mkono kusalimia benchi lote bila kumwangalia mtu mmoja, akaendelea. Nilimwambia Fundi niende nikamwite. "Mwenye karto njo anarudiaka mwenyewe," alinijibu. "Sheria iko sheria." Nilipomwendea Kipa shambani, akanipa mahindi ya kuchoma na jibu lile lile la siku ya kwanza: kadi ya uongo huondolewa na mwamuzi. Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo iliwakausha. Fundi aliendelea kutuchekesha, ila katikati ya maneno macho yake yalikwenda barabarani, na kwenye benchi palibaki nafasi ya mtu mmoja ambayo hatukuikalia hata siku za kubanana. Na mimi nilifanya nini? Nililiandika jambo hilo kwenye safu hii, likawafurahisha, mkanitumia ujumbe wa kicheko. Nilijiona mjanja.

Siku hizi nawaza sana juu ya mambo ambayo wanasiasa wetu wanatunyang'anya, na naona tunakosea tunapotaja barabara na umeme tu. Barabara hatukuwa nayo, kwa hiyo hawakuichukua. Benchi tulikuwa nalo. Tulilitengeneza wenyewe, kwa mbao mbili na sheria moja, katika mji ambao watu wana sababu za kweli za kutosalimiana, na mtu mmoja aliyehitaji makofi ya wiki tatu akakaa katikati yake, kisha akaenda zake. Hakuja kwa ubaya. Nina hakika hajui mpaka leo kwamba alivunja kitu. Ndicho kinachoniudhi zaidi.

Wiki tatu kabla ya kifo chake, Jumamosi alasiri, nilikutana na Fundi kwenye kona ya duka la dawa. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, yeye aliyeishi na kandambili. Serikali mpya ilikuwa imetangazwa siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa na safu ya kuandika bila sentensi hata moja. Nikamshika mkono. "Fundi, hii timu mpya unaionaje?" Alitazama mbele, kisha akanitazama mimi, kisha mbele tena. Halafu tabia ikamshinda. "Mwalimu," akasema, "benchi ya akiba njo imejaa, kwa kiwanja hakuna muntu. Na golikipa njo anauza tiketi." Tukageuka, tukarudi pamoja mpaka barazani tukicheka njia nzima, nikaandika nyumbani usiku huo bila kufuta neno. Wengi mliniambia kwamba ilikuwa safu bora ya mwaka.

Kwenye kilio, mheshimiwa yule wa vitenge alikuwa ametuma turubai la rambirambi, sura yake ikiwa kubwa kuliko jina la marehemu. Akina mama walilitandika chini wakalikalia, na kanuni ya mafundi ikavunjwa mchana kweupe bila mtu kusikitika. Kipa alikuwapo. Niliambiwa alikuwa ameshika jeneza njia nzima, wakambembeleza apokezane, akakataa. Nilikwenda kumpa mjane pole. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza, bila hasira, jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa wiki hizo tatu.

"Shemeji, ile siku ya Posho mulirudi pamoja muko munacheka. Alikuambia kitu?"

Nikasema Jumamosi hiyo tulizungumza serikali.

"Alikuwa anaenda kwa Kipa," alisema. "Alinyosha kanzu yeye mwenyewe. Aliniambia, leo ninaenda kuondoa ile karto. Kurudia, nikamuuliza, umeona muntu wako? Akasema, mwalimu amenishika njiani, nitaenda siku ingine. Kisha presha ikapanda, hakutoka tena."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto, na nikatamani kuondoka bila kuaga. Lakini Kipa alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, amejiinamia, na nilijua kwamba nikiondoka, siku moja naye ataingia kaburini mwake akiamini rafiki yake hakujali. Nikavuta kiti. Nikamweleza yote: kanzu, viatu, swali langu, kicheko chetu. Sikujitetea.

Kipa akauliza, "Mulikutana wapi?"

"Kwa kona ya duka ya dawa."

Kutoka kona hiyo mpaka mlangoni kwa Kipa ni hatua hamsini, labda sitini. Alizipima kichwani, nilimwona akizipima. Akavua kofia, akajifuta nayo uso.

"Basi," akasema, "alikuwa ameshafika."

Alinisamehe kwa sentensi hiyo, nami nimeipokea kwa sababu sina jingine la kufanya. Lakini mwenyewe sijajisamehe, na kama kuna funzo ninaloweza kuwapa ni hili dogo. Serikali zitaendelea kutangazwa, na timu yetu itaendelea kufungwa. Vyote viwili vinaweza kungoja. Ukikutana na mzee mwenye viatu vilivyong'arishwa, anatembea haraka kuliko kawaida yake, usimuulize maoni yake juu ya kitu chochote. Msalimie kwa heshima, kisha mpishe njia.