Jivu Jeupe la Fundi Kadri

Fundi Kadri alipima jivu katika kituo chetu cha umeme wa makaa kwa miaka thelathini na mmoja. Alitia jivu la boila kwenye kibakuli cha kauri, akalipima, akalichoma tanurini saa nzima, akalipoza ndani ya chombo cha kioo chenye kifuniko, akalipima tena. Uzito uliopungua ndio makaa yaliyopita bila kuungua. Mkewe Nezihe alipokufa, aliacha kula kantini. Alikunywa chai yake maabarani, peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaletwa mashine inayotoa jibu kwa dakika tatu. Injinia Tolga, aliyekuja nayo, akasoma: kaboni asilimia saba. Maana yake Şaban, msimamizi wa boila, alikuwa anapitisha makaa mabichi, na angeondolewa.

Kadri alilisugua jivu lile kwa vidole. "Jeupe mno. Jivu lenye makaa huwa jeusi."

"Fundi, mashine haiangalii rangi."

"Ndiyo maana nakuangalizia mimi. Umelitoa wapi?"

"Lundo la nje."

"Lililonyeshewa wiki tatu. Makaa yetu yana chokaa, mwanangu. Chokaa ikilowa huvuta hewa, ikashika kaboni ambayo boila halijaiona. Hiyo unayoisoma ni ya angani, si ya Şaban."

Akadondosha asidi, jivu likatoa mapovu: kaboni ya angani ikitoka. Akalichuja, akalikausha, akampa Tolga alitie mashinani. Mashine ikasoma asilimia moja nukta nne.

"Niandikie hatua hizo, Fundi," alisema Tolga, kwa adabu kabisa.

Kadri akaandika ukurasa mzima, hakuficha kitu. Zamani fundi alimfundisha mtu aliyekaa naye miaka. Siku hizi anaifundisha karatasi. Tolga akaibandika juu ya mashine. Şaban akabaki na boila lake. Baada ya miezi miwili Kadri akaambiwa akapumzike, kwa kuwa kazi yake sasa yeyote anayejua kusoma angeiweza.

Nilimuuliza Şaban kama amekwenda kumjulia hali.

"Nitakwenda Idi. Kwani anahama?"

Idi ilifika. Siku ya pili nilipita mtaani kwake. Kila mlango ulikuwa na rundo la viatu vya wageni. Kwake palikuwa na jozi moja tu, yake mwenyewe, imepangwa vizuri. Nilisimama kidogo, kisha nikaendelea na safari yangu, kwa sababu sikujua ningemwambia nini.