Aliyeita Risasi

Merryn Haddow alikuwa fundi wa matairi ya malori mjini Ipswich, Australia, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye vidole visivyotakata hata kwa sabuni ya unga. Kila Alhamisi, kwa miaka minane, alitoka gereji, akala pai ya nyama akiwa amesimama, kisha akaenda kuvaa kizibao cha taa na kupigana kwa bunduki za miale ndani ya ukumbi wenye giza na kuta za mbao. Wenzake walimwita Mez. Alikuwa mgawa risasi katika timu ya Dougal Prentiss, na mgawa risasi ni mtu ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka bunduki ikauke.

Wakamkumbuka kwa ubaya, fainali ya Pasaka iliyopita.

Ukimwongezea mwenzako risasi, kizibao chake huzima sekunde nne. Na kamanda akishafyatua bomu kubwa, kizibao kikizima kabla halijalipuka, bomu linakufa. Kwa hiyo kamanda anayetaka kufyatua hupiga ukelele wa "Bomu!" ili watu wake wakae mbali naye. Siku ile Dougal, ambaye ndiye kamanda, aliita "Risasi!" Mara tamaa ikamshika, akafyatua bomu kimyakimya. Mez akampa alichoomba. Kizibao kikazima, bomu likafa, na kombe likaenda kwa wengine.

"Niliita bomu mimi!" Dougal alifoka mbele ya timu zote. "Huyu kiziwi ametuua."

Jumatatu Mez akajikuta ametolewa kwenye kundi la simu. Hakuna aliyemuaga.

Hakubishana na mtu. Alirudi gereji, na kila nati aliyoikaza mwaka ule aliikaza kwenye shingo ya Dougal. Kombe halikuwa na maana tena kwake. Alitaka kitu kimoja tu: Dougal aseme kwa mdomo wake mwenyewe, watu wakisikia, kwamba aliita risasi.

Akaunda timu ya watu wasiotakiwa. Mzee Clem, tarishi mstaafu, ndiye aliyekuwa kamanda. Wengine walikuwa vijana watatu wa duka la samaki na chipsi, waliozoea kugombana hata wakiwa upande mmoja. Mez mwenyewe akawa nahodha, na ugawaji risasi akauacha. Alichukua nafasi ya mkimbiaji, bunduki nyepesi na miguu mingi. Saa ya chakula alikimbia kuzunguka marundo ya matairi huku mafundi wenzake wakimpigia makofi kama farasi.

Pasaka ikafika. Siku tatu, Brisbane, timu kumi na nne.

Ijumaa walikutana na timu ya Dougal kwenye hatua ya makundi, wakapigwa vibaya. Dougal alikuwa akimsubiri mlangoni, jasho likimtiririka, meno nje.

"Mez mpenzi! Leo hukunipa risasi hata moja. Umeanza kusikia?"

Watu wakacheka. Mmoja wa vijana wa chipsi akataka kujibu, Mez akamshika kizibao.

"Mwache. Acha ashibe."

Jumamosi timu ya Mez ilishinda, na kati ya mechi na mechi alisimama ukutani zilipobandikwa karatasi za matokeo. Karatasi zile hazifichi kitu: nani kampiga nani, mara ngapi, dakika ya ngapi. Mez alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hajali foleni inayonung'unika nyuma yake. Kila mechi aliona jambo lile lile. Dakika tatu za mwisho Dougal huwaita watu wake wote wamzunguke yeye na mabomu yake, na mganga wa timu anabaki peke yake. Mganga ndiye anayewarudishia wenzake roho zao. Mganga akiisha, waliobaki wanahesabu dakika.

Mganga huyo alikuwa Leonie, shoga yake wa miaka yote minane.

Jioni Leonie mwenyewe akaja na kopo la chipsi, akaketi karibu naye ukingoni mwa maegesho.

"Nilisikia," Leonie akasema. "Mwaka jana. Nilikuwa hatua tatu tu. Aliita risasi."

Mez akaacha kutafuna. "Na ukanyamaza mwaka mzima?"

"Unamjua alivyo, Mez. Angenitoa na mimi."

"Kwa hiyo nikatoka mimi."

"Nisamehe, shosti."

Mez alimaliza chipsi zote, hadi zile za chini zilizoungua, akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho tukikutana, dakika tatu za mwisho usiniangalie usoni," akasema, akaondoka.

Jumapili ikawa fainali, wao na Dougal. Kwa dakika kumi na mbili Mez alicheza kama mtu asiye na haraka. Mzee Clem alifyatua mabomu mawili, akiita kila moja kwa sauti ya kutangaza barua. Halafu, kona ya mbali, Dougal akasikika: "Wote kwangu! Wote kwangu!"

Mez akapanda ngazi ya nyuma.

Leonie alikuwa nyuma ya ukuta mwembamba, amebakiwa na roho sita. Mez alimpiga. Akangoja taa ziwake tena, akampiga. Leonie hakukimbia, ila alijitetea, na mara moja akamzima Mez. Mez akachuchumaa gizani akihesabu kwa kunong'ona, akawaka, akaendelea. Roho ya sita ilipotoka, kizibao cha Leonie kikalia mlio mrefu wa kuaga mchezo.

"Mganga wao kwisha!" Mez akapaza sauti, na vijana wa chipsi, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wameelewana, wakamvamia Dougal kama nzi kwenye samaki. Dakika moja baadaye naye alikuwa nje, bunduki imekufa mkononi.

Wakashinda. Lakini matokeo hayahesabiki mpaka manahodha wote wawili watie sahihi kwenye karatasi ndani ya dakika kumi. Mmoja akikataa, mechi hurudiwa. Dougal alitia yake kwa hasira, karibu achane karatasi, akaisukuma.

Mez akaiweka kalamu chini.

"Sema uliita risasi."

"Nini?"

"Mwaka jana. Sema."

Mzee Clem akamvuta mkono. "Binti, tia sahihi twende zetu. Magoti yangu hayana mechi nyingine."

"Asiposema, sitii."

Dougal akaangalia saa ya ukutani, tabasamu likamrudia. "Basi turudie. Mimi nipo tayari. Vijana, vaeni!"

Dakika sita. Saba. Vijana wa chipsi walikuwa karibu kulia. Mez hakugusa kalamu.

Ndipo Leonie akafungua kizibao chake, akakitupa mezani. "Rudia na mganga mwingine," akamwambia Dougal. "Uliita risasi. Nilikuwepo. Nimechoka kukubebea."

"Leonie, wewe..."

"Uliita!" akapiga kelele, na mtu nyuma akaanza kupiga mluzi, kisha wengine, timu zilizokwisha kutolewa zote, kila moja na kisa chake na Dougal.

Uso wa Dougal ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Haya! Niliita! Niliita risasi, mmefurahi?"

Mez aliivuta karatasi, akaigeuza upande mweupe, akamrudishia Dougal pamoja na kalamu.

"Andika."

"Una wazimu, mwanamke."

"Zimebaki dakika mbili, na mganga huna. Andika."

Dougal aliandika akiwa amesimama, herufi zimelala kama zimepigwa na upepo. Akaitupa kalamu mezani.

Mez akasoma, akairudisha kalamu mbele ya Dougal.

"Na tarehe," akasema.