Jaketi Mapajani mwa Zuleka

Pale Majimbo, mjini Embu, majirani walimcheka Zuleka kwamba hata akienda kununua chumvi hufunga mzigo wa kuhama. Wacheke tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana wa Zuleka, Nadhira, alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Damu yake ilikuwa rahisi kuganda njiani ikaziba mishipa. Akipigwa na baridi au akikaa na kiu, maumivu humshika mifupani mpaka anashindwa hata kulia. Daktari alimwambia mama wazi kabisa kwamba baridi inaweza kumwua.

Sasa nenda ukamlee mtoto wa namna hiyo katika nchi hii yetu. Asubuhi mko kwenye ukungu wa Embu, saa sita mko sokoni Siakago ambako mbuzi wanagombania kivuli, na jioni mvua inawakuta njiani mkirudi. Zuleka alikuwa muuza mitumba ya watoto, na shule zikifungwa mtoto alifuatana naye kila soko, Gachoka na kwingineko. Kwa hiyo alijifunza kufunga begi. Robota la nguo likifunguliwa, wenzake walikimbilia rangi. Yeye alifumba macho akapapasa kitambaa kwa vidole. Vesti ya pamba ilitangulia, ya kunywa jasho. Sweta ilikuwa lazima iwe ya sufu na iwe na vifungo, maana ya kuvutia kichwani humwamsha mtoto aliyelala. Soksi alizikata lastiki zisimbane miguu. Leso moja ilikuwa kilemba cha jua mchana na blanketi usiku, na jaketi lisilopitisha maji alilinunua kubwa kuliko mtoto ili lipite juu ya sweta. "Nguo ya kazi moja haiingii kwenye begi langu," alikuwa akisema, na aliyecheka alicheka.

Miaka tisa alimvusha Nadhira hivyo, baridi na joto, bila kumkosea hata mara moja.

Mumewe, Gikunda, alikuwa na bucha mjini. Kwao ni Kibirichia, kule juu Meru, kwenye mashamba ya viazi karibu na mlima. Alipomwoa Zuleka alisilimu akaitwa Abdulatif, jina ambalo watu wa kwao hawakulitamka hata kwa bahati mbaya. Mkataa kwao mtumwa, alisema dada yake mkubwa, Marcella, na neno hilo likakaa kati yao miaka yote. Zuleka aliitwa "yule wa Embu". Mtoto hakuitwa chochote. Kule juu alifika mara mbili tu, akiwa mchanga, na hawakulala.

Kisha mwezi wa saba Mzee Mutembei, baba yao, akafariki. Zuleka alikuwa sokoni simu ilipolia.

"Mama Nadhira," Marcella alisema, na hilo peke yake lilimfanya Zuleka akae chini. "Nitumie saizi ya mtoto. Nachapisha tisheti za wajukuu. Mbele picha ya mzee, nyuma jina la kila mmoja."

Zuleka alilia pale pale juu ya nguo zake, wateja wakimtazama. Mtoto wake alikuwa amehesabiwa, na jina lake litasomwa mbele ya watu. Alifunga begi siku hiyo hiyo, akalifungua, akalifunga tena, akaongeza boshori ya pili, kofia ya sufu ya kufunika masikio, endapo ya kwanza italowa.

Siku ya mazishi Kibirichia ilikuwa imefunikwa na ukungu, na mvua ndogo ilikuwa ikinyunyiza tangu alfajiri. Tisheti zilikuwa nyeupe, nyepesi, za kubana. Zuleka alijaribu kumvalisha mtoto ya kwake juu ya sweta ikakataa, juu ya vesti tu ndipo ikapita. Basi akamvika Nadhira jaketi juu ya tisheti, akafunga zipu hadi kidevuni.

Marcella akaja. Macho yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala vizuri tangu mzee azimike. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

"Mama Nadhira, utamfunika mzee uso siku yake ya mwisho?"

"Wifi, huyu ni mgonjwa. Baridi inamdhuru."

"Sisi sote tumelelewa na baridi hii. Ni mpaka waweke maua tu. Tafadhali, usitutenge na watu wakiona."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usijibu haraka. Zuleka alimtazama mwanawe, na Nadhira mwenyewe tayari alikuwa akishusha zipu, kwa sababu binamu zake walikuwa wakimwita na hakuna binamu aliyewahi kumwita.

Watoto walikalishwa benchi la mbele karibu na jeneza, pale turubai la hema lilipokuwa likidondosha maji. Wana wa marehemu, Gikunda akiwemo, walikaa nyuma yao. Zuleka aliwekwa na wageni mwisho kabisa, jaketi limekunjwa mapajani. Hotuba zikaanza. Akasimama jirani, akasimama mwalimu mstaafu, akasimama mtu wa chama cha wakulima aliyesimulia maisha yake mwenyewe badala ya ya marehemu. Ili kumfikia mtoto ilibidi upite kati ya jeneza na mhubiri, na hapo hapapitwi.

Nadhira aligeuka akamtafuta mama yake, akatabasamu. Binamu mmoja alikuwa amemshika mkono. Muda ukapita, akaanza kusugua mapaja. Midomo yake ikawa ya kijivu. Zuleka alijiinua nusu. Mwanamke wa pembeni akalitazama jaketi, akakitazama kilemba cha Zuleka, na Zuleka akakaa tena. Ndipo majina ya wajukuu yakasomwa kwenye kipaza sauti, na alipolisikia la Nadhira moyo wake ulijaa fahari. Ulijaa kweli, Mungu amsamehe.

Maua yalipowekwa alimkimbilia akamvika kila kilichokuwa begini, akamnywesha maji ya moto. Alikuwa amechelewa. Kabla ya magharibi maumivu yalishika miguu, halafu kifua, na njiani kwenda hospitali mjini Meru mtoto alikuwa akivuta pumzi fupi fupi. Walimwekea oksijeni. Siku ya pili asubuhi alifariki, na kabla ya alasiri ya kesho yake alikuwa amezikwa Embu.

Waombolezaji walisema ni kudra ya Mungu. Hakuna aliyemlaumu Zuleka, walimsifu jinsi alivyomtunza. Marcella alikuja akaanguka mkekani akilia, "Sikujua, Mama Nadhira, haki sikujua," na Zuleka akamshika mabega akamtuliza. Ilikuwa kweli, hakujua. Aliyejua ni mama.

Watu walipotawanyika alimkuta Gikunda kwenye kizingiti cha jikoni, akaketi naye.

"Nataka ujue," alisema. "Niliona midomo yake. Nilikuwa na jaketi mkononi nikaona, na nikakaa. Nilimwogopa dada yako kuliko nilivyoogopa baridi."

Gikunda alikuwa akitazama mikono yake.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Ningenyoosha mkono ningemgusa. Nilimwona akitetemeka tangu hotuba ya kwanza, na nilikuwa nimevaa koti."