Mashini Ilipoingia Katika Atelie Yangu

Masomo yangu yaliishia troisième primaire, darasa la tatu tu, na sioni haya. Atelie, karakana ya vitanda niliyo nayo hapa Bunia, nimeijenga mwenyewe. Kwetu kila seremala alikuwa anatengeneza kitanda chake toka kupasua ubao mpaka kupaka vernis ya kung'arisha, kisha anachoma alama yake chini kwa chuma cha moto. Wanunuzi walitoka hata Marabo, wanapindua kitanda, wanatafuta alama ya muzee mwenzangu, ule aliyetufundisha wote, hata mimi.

Halafu vitanda vya chuma vikajaa sokoni. Nikaona tutakufa. Nikaleta mashini ya kupasua na kupiga randa, nikasimamisha wote kwenye mustari asubuhi:

"Tangu leo, mumoja anapasua, mwingine anaunga, mwingine anapaka. Alama iko moja tu, ya atelie. Mwenye hataki, mulango iko wazi."

Muzee mwenzangu akauliza: "Na miguu ya kitanda ikitikisika, kliyan aliyekinunua atatukana nani? Mashini?"

"Weye unaiogopa tu."

"Mimi? Nilikufundisha kushika musumeno, leo unanifundisha woga!"

Wote wakacheka, tena walinicheka mimi.

Kesho yake muzee hakuja. Wengine walikuja, lakini walishika misumeno ya mukono. Hakuna aliyegusa mashini. Nikafahamu: yeye akienda, wote wanamufuata, na atelie imekwisha.

Jioni nikaenda kwake. Sikuzunguka. Nikamwambia juu ya vitanda vilivyorundikana katika depo bila mununuzi, jambo nililowaficha miezi mingi.

"Mbona ulitunyamazia?"

"Patro, mwenye kazi, halii mbele ya watu."

"Mbele ya wageni, sawa. Siye tuko wageni?"

Nikamwomba arudi. Mashini ilikuwa lazima; hapo sirudi nyuma. Lakini weye unayetaka kugeuza kazi ya watu, anza na ule wanayemusikiliza. Mwambie pembeni, mwambie hata mabaya yote ya kazi. Usimusimamishe kwenye mustari kama mutoto wa masomo.

Muzee alirudi. Aliwasha mashini yeye mwenyewe, na wengine wakasogea kuona. Sasa vitanda vinatoka, vinauzwa. Zamani, ikifika midi, saa sita, mimi naye tulikula sombe katika sahani moja. Leo anakula na wenzake, na nikikaribia wanaacha maneno yao, wanaanza kuzungumza juu ya mvua.