Makubadhi ya Mgeni

Msichana wa Mombasa anayefanya kazi kwa jirani ameanika makubadhi dirishani, na harufu ya ngozi imenifikia.

Nilikuwa mtoto siku Baba alipomtembeza binamu yangu, mgeni kutoka Unguja, kwa gari katika mji wetu wa Kiarabu, tangu vichochoro vyetu vya Bani Malik hadi mtaa wa matajiri wa Al-Rawdah. Mimi hakuwahi kunitembeza.

"Nyuma, mwanangu. Mgeni hukaa mbele."

"Ami, majumba yote haya yana watu?" binamu aliuliza, na Baba akacheka sana.

Njiani tulisimama kuswali, na tulipotoka msikitini nilificha kubadhi moja la mgeni ndani ya kanzu yangu. Akakanyaga lami ya moto, akalia. Baba akamvalisha yake mwenyewe, akaenda pekupeku hadi garini.

Nilikosa, na sikukiri kamwe. Lakini siku ile, nikiwafuata, niliona kitu kimoja tu: miguu ya binamu ndani ya viatu vya baba yangu.